Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Roboti Yenye Kamera Hupotea Ndani ya Jengo

Makala ya toleo lililopita, iliyoeleza jinsi roboti zinavyotumia kamera kujiongoza ndani ya majengo, imetuletea barua nyingi. Tumechagua nne ambazo maswali yake yanagusana, na tumezijibu kwa kirefu pale jambo lenyewe lilipodai urefu.

Barua ya kwanza: roboti iliyopotea koridoni

*Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi hapa Arusha. Pamoja na wenzangu tumeunda roboti ndogo ya magurudumu mawili, yenye kamera moja, ambayo kazi yake ni kupeleka nyaraka kutoka ofisi hadi ofisi. Ikiwa ndani ya karakana haikosei njia. Tukiiweka kwenye korido ya jengo la utawala, ambayo ni ndefu na ina kuta nyeupe na milango inayofanana, inapotea. Mara nyingine hudai ipo mlango wa tatu ilhali ipo wa tano. Programu ya kuchora ramani tuliyoitumia inatumiwa na watafiti wengi duniani. Je, kosa ni la kamera, la programu, au ni letu? (Mwanafunzi, Arusha)*

Marahaba, kijana wetu. Sehemu kubwa ya kosa ni ya korido yenyewe, na ukilielewa hilo utakuwa umeelewa nusu ya fani hii.

Ndani ya jengo roboti haiwezi kutegemea setilaiti, kwa kuwa mawimbi yake hudhoofishwa na paa na zege, na hata nje kwenye anga wazi kosa la mita chache ni la kawaida. Kosa kama hilo ndani ya jengo huiweka roboti katika chumba cha jirani. Kwa hiyo inabaki na mashahidi wawili: mizunguko ya magurudumu yake na picha za kamera. Shahidi wa kwanza hudanganya polepole. Gurudumu likiteleza kidogo kwenye kigae chenye maji, roboti ikageuka digrii 1 zaidi ya inavyodhani, basi baada ya kwenda mita 30 itakuwa nusu mita kando ya mstari wake, na kama ilianza katikati ya korido yenye upana wa mita 2, imebakiza nusu mita tu kufikia ukuta. Mtu aliyekatikiwa umeme usiku nyumbani kwake huhesabu hatua kwa mazoea, kisha hupapasa ukuta au fremu ya mlango ili ajisahihishe. Kwa roboti, kamera ndiyo mkono huo wa kupapasa.

Sasa, kamera inapapasa nini? Programu za aina mnayoitumia haziutazami mlango na kuujua kuwa ni mlango. Hutafuta alama bainifu, yaani vijisehemu vya picha ambamo mwanga na giza hubadilika ghafla kwa pande zaidi ya moja: kona ya ubao wa matangazo, ncha ya swichi, bawaba, herufi kwenye kibao. ORB-SLAM, programu iliyotolewa mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Zaragoza nchini Hispania, na ambayo huenda ndiyo mnayoitumia au ni mzazi wake, hutafuta alama 1,000 au zaidi katika kila picha, kisha hufuatilia zinavyosogea kutoka picha hadi picha ili kukisia kwa wakati mmoja mahali ilipo kamera na mahali zilipo alama zenyewe. Kazi hiyo ya kuchora ramani huku ukijitafuta ndani yake ndiyo inayoitwa SLAM. Karakana yenu ina nyaya, bisibisi, meza na vipande vya chuma, kwa hiyo alama zimejaa kila upande. Ukuta mweupe uliopakwa rangi vizuri hauna hata moja, na roboti inapoutazama huachwa na shahidi wake wa kwanza peke yake.

Tatizo la pili ni milango inayofanana, nalo ni baya zaidi kwa sababu linazaa uhakika wa uongo. Programu inapotambua kwamba imerudi mahali ilipowahi kupita, huivuta ramani yote ili ncha mbili zikutane, na kwa njia hiyo hufuta makosa yaliyojilimbikiza njiani. Ni hatua nzuri sana ikiwa mahali ni palepale. Ikiwa ni mlango mwingine wenye sura ileile, ramani hupindishwa yote kwa kosa moja, na kila hatua inayofuata hujengwa juu ya upotovu huo. Ndiyo maana nashikilia kwamba ubora wa roboti ya ndani upimwe kwanza kwa jinsi inavyojua kiasi cha shaka yake, na usahihi wa mahali uje baadaye. Roboti inayosema kwamba ipo mahali fulani, ikaongeza kuwa inaweza kuwa imekosea kwa mita 3, ni roboti unayoweza kuiongoza. Inayodai kosa la sentimita 5 huku imekosea mita 6 ni ya hatari, hata kama siku nyingi hufika salama.

Hili si jipya. Roboti Shakey, iliyoundwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, kati ya mwaka 1966 na 1972, ilitembea katika vyumba vilivyoandaliwa maalumu, vyenye vitu vya maumbo sahili, kwa kuwa picha ya chumba cha kawaida ilikuwa nzito mno kwa kompyuta za wakati ule. Mwaka 1979 kigari cha Chuo Kikuu cha Stanford alichokishughulikia mtafiti Hans Moravec kilivuka chumba cha mita 20 kilichojaa viti bila kusaidiwa na mtu, na safari hiyo ilichukua takriban saa tano, kwa sababu kila baada ya mita moja hivi kilisimama, kikapiga picha tisa na kutafakari kwa dakika 10 hadi 15. Ilipofika mwaka 2003 mtafiti Andrew Davison alionyesha kwamba kamera moja tu inaweza kujitafuta kwa picha 30 kila sekunde kwenye kompyuta ya kawaida. Kasi imekua kwa namna ya ajabu, lakini ukuta mtupu umebaki kuwa mtupu.

Fanyeni hivi. Kwanza, inueni kamera kidogo, ili ione juu ya milango, palipo na vibao vya ofisi, taa na kingo za dari. Huko ndiko milango inakotofautiana, na watu wapitao hawaizibi sana. Pili, punguzeni kasi ya kugeuka. Chukulieni kamera yenye upana wa kuona wa digrii 60 na picha yenye upana wa pikseli 640, yaani nukta ndogo zinazounda picha: roboti ikigeuka kwa digrii 90 kwa sekunde, na kila picha ikichukua sehemu moja ya mia ya sekunde, picha hutapakaa kwa karibu pikseli 10, na alama zote hupotea. Ikigeuka kwa digrii 20 kwa sekunde, picha hutapakaa kwa pikseli 2 tu. Nimetaja mia moja ya sekunde makusudi, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na zile taa za mirija zinazopepesa hufanya hivyo mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, na kamera isiyopatanishwa na upepesaji huo huleta picha zenye mistari ya giza.

Tatu, bandikeni alama za kuchapishwa kwenye kila kona na kila baada ya milango michache. Zipo za AprilTag, zilizobuniwa na Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan na kutangazwa mwaka 2011: ni miraba ya rangi nyeusi na nyeupe, kila mmoja una namba yake, na kwa kuwa ukubwa wake unajulikana, picha moja yake inatosha kuiambia roboti ipo umbali gani na imeelekea wapi. Kwenu faida ni kubwa zaidi, maana kamera moja peke yake haiwezi kutofautisha kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali. Mraba wa kipimo kinachojulikana huondoa utata huo papo hapo. Wapo wanaoona kubandika alama ni kushindwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Roboti za kampuni ya Kiva, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2012, zilibeba rafu katika maghala makubwa kwa kusoma stika zilizobandikwa sakafuni kwa kamera iliyoelekezwa chini.

Mwisho, iwekeeni roboti mpaka wa shaka. Makisio ya kosa yakizidi nusu ya upana wa korido, isimame na kujizungusha polepole ikitafuta alama. Isipoipata ndani ya muda mliopanga, iite mtu.

Barua ya pili: kamera au leza hospitalini

*Kwa Mhariri. Tulisoma kwamba Rwanda ilipeleka roboti katika kituo cha kutibu wagonjwa wa UVIKO-19 huko Kanyinya, Kigali, mwezi Mei 2020, na sasa uongozi wa hospitali yetu unafikiria kununua roboti ya kubebea mashuka na dawa. Muuzaji mmoja anasifu kamera, mwingine anasema leza ndiyo salama. Jengo letu lina milango ya vioo, veranda zilizo wazi, na umeme hukatika. Tumsikilize nani? (Fundi wa matengenezo, Mombasa)*

Ndugu msomaji, usimkubali yeyote kati yao anayetaka kukuuzia kihisi cha aina moja tu.

Leza hupima umbali kwa kutuma mwanga wake yenyewe, kwa hiyo usiku na mchana kwake ni sawa, na kosa lake kwa kawaida ni la sentimita chache. Udhaifu wake ni kwamba ile ya bei nafuu huona ukanda mmoja mwembamba tu, kwenye kimo ilipofungwa. Ikifungwa sentimita 20 kutoka sakafuni, itaona miguu ya kitanda na kudhani kati yake pana njia, ilhali juu yake kuna fremu itakayogonga mzigo. Vioo vyako navyo ni mtego, kwa sababu mwanga hupenya, na roboti huandika kwenye ramani yake kwamba mbele ni wazi.

Kamera huona eneo zima, na kwa msaada wa programu zilizofunzwa kwa picha nyingi inaweza kumtofautisha mgonjwa anayetembea na stendi ya dripu na kiti cha magurudumu kilichoegeshwa, jambo ambalo ukanda wa leza hauwezi kulifanya vizuri. Lakini inategemea mwanga, na kupima umbali kwake hudhoofika haraka. Kamera pacha zilizotenganishwa kwa sentimita 12, zenye lenzi ambayo urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi picha inapojengeka, ni kiasi cha pikseli 600, zikikosea kwa pikseli 1 tu, kosa la umbali ni karibu sentimita 5 na nusu kwa kitu kilicho mita 2, na karibu sentimita 90 kwa kitu kilicho mita 8. Umbali ukiongezeka mara nne, kosa huongezeka mara kumi na sita. Zipo pia kamera za umbali zinazotupa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, zilizoenea baada ya Microsoft kutoa Kinect, kifaa chake cha michezo ya video, mwaka 2010. Hizo hufanya kazi gizani kwa umbali wa mita chache, lakini jua linaloingia kwenye veranda ya Pwani lina infraredi nyingi kiasi cha kuuzamisha mwanga wake. Nazo hazioni kioo kitupu. Njia ya uhakika kwa milango yako ni kubandika ukanda usiopenya mwanga kwenye kimo cha leza, na kuiandika milango hiyo ndani ya ramani kwa mkono.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi, nalo ni msongamano. Mwaka 1998 roboti Minerva iliongoza wageni katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Marekani la Smithsonian, jijini Washington, ikatembea zaidi ya kilomita 44. Watu waliizunguka kiasi kwamba leza zake ziliona miguu badala ya kuta, kwa hiyo watengenezaji wake waliiwekea kamera iliyotazama juu, na roboti ikajitafuta kwa kulinganisha dari iliyo juu yake na ramani ya dari iliyokwisha kutengenezwa. Saa za kutazama wagonjwa katika hospitali yako hazina tofauti na hali hiyo.

Kabla ya kutia sahihi, mtake muuzaji alete roboti ndani ya jengo lako. Ijaribiwe saa ambayo watu ni wengi. Taa zizimwe ghafla ikiwa katikati ya safari, ili muone kama inapunguza mwendo na kusimama kwa utulivu wakati jenereta halijawaka, au kama inaendelea kwa kasi ileile kana kwamba bado inaona. Kisha ibebwe, ikiwa imewashwa, hadi sehemu nyingine ya jengo. Roboti nzuri hugundua baada ya muda mfupi kwamba ilichokiona hakilingani na ramani, ikaacha kudai mahali pa zamani na kuanza kujitafuta upya. Kwangu jaribio hili lina uzito kuliko mengine yote.

Zaidi ya hayo, bampa inayosimamisha mota inapogusa kitu, pamoja na kitufe chekundu cha dharura, zikate umeme wa mota moja kwa moja bila kupitia kompyuta inayochakata picha. Vihisi vya ukingo wa ngazi navyo visitegemee mfumo wa picha. Kompyuta hiyo ikikwama, na siku moja itakwama, breki isikwame nayo.

Barua ya tatu: kamera nyumbani

*Asalaam aleikum. Nimenunua roboti ya kufagia, na juu yake ina kamera. Binti zangu hawataki ifanye kazi wakiwapo, wanasema inatupiga picha. Kifagio kinahitaji kamera ya nini? (Mama wa nyumbani, Maskati)*

Waaleikum salaam, mama. Inaitumia kujua imeshafagia wapi, kwa kutazama kona za dari, fremu za picha na samani, ili isirudie sehemu moja na kuacha nyingine. Kwa kazi hiyo haina haja ya kutuma picha popote. Hesabu yote inaweza kufanyika ndani ya roboti.

Hata hivyo binti zako wana haki ya kuuliza. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review liliripoti kwamba picha zilizopigwa majumbani na roboti za majaribio za kufagia, ikiwemo ya mwanamke akiwa msalani, zilivuja hadi mitandao ya kijamii baada ya kupelekwa kwa watu walioajiriwa kuziwekea maelezo ya kufunzia programu. Mtengenezaji alisema roboti hizo zilikuwa za watu waliokubali kushiriki majaribio. Na hata ramani inayohifadhi nukta za alama bainifu tu, bila picha zenyewe, haina usalama kamili, kwani mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba kutokana na nukta hizo pamoja na maelezo yake inawezekana kuunda upya picha ya chumba inayotambulika.

Angalia katika mipangilio kama kuna ruhusa ya kutuma picha, uizime. Jaribu kuitumia bila intaneti. Nyingi hufagia hata hivyo kwa kubonyeza kitufe. Milango ya bafu na vyumba vya kulala ifungwe. Ikiwa wasiwasi haujaisha, zipo zinazotumia leza bila kamera, na kwa nyumba yenye mabinti naona hiyo ni sababu ya kutosha ya kuibadilisha.

Barua ya nne: kuanza bila fedha

*Ndugu Mhariri, ninafundisha fizikia kidato cha tatu. Tuna kompyuta moja na kamera yake ya USB. Fedha za kununua roboti hatuna. Je, kuna la maana tunaloweza kufanya? (Mwalimu, Tabora)*

Mwalimu, lipo, tena ni lile hasa linaloachwa na wengi wanaoanza kwa kununua roboti. Pakueni OpenCV, maktaba ya programu za uoni wa kompyuta iliyoanzishwa katika kampuni ya Intel mwaka 1999, ambayo hailipiwi. Chapeni ubao wa miraba kama wa sataranji, mubandike juu ya kadibodi iliyonyooka, muupige picha kutoka pembe mbalimbali. Kwa njia aliyoieleza mtafiti Zhengyou Zhang mwaka 2000, programu itakokotoa kutoka picha hizo urefu wa fokasi kwa pikseli na jinsi lenzi inavyopinda mistari kwenye kingo.

Kisha ifungeni kamera juu ya rula na kuisogeza pembeni kwa sentimita 12 hasa, mkipiga picha mwanzoni na mwishoni, bila kuigeuza. Kigari cha Moravec kilifanya vivyo hivyo. Kamera yake iliteleza juu ya reli. Chagueni nukta iliyo wazi katika picha zote mbili na kuhesabu imesogea pikseli ngapi. Umbali wa nukta hiyo ni urefu wa fokasi ukizidishwa kwa sentimita 12, kisha ukigawanywa kwa pikseli hizo, na uthibitisho wake ni pembetatu zinazofanana ambazo wanafunzi wako tayari wanazijua.

Wapime kwa utepe vitu vilivyo mita 1, 2, 4 na 8, waandike kila mara walichokokotoa, walichopima, na kosa walilotabiri kabla ya kupima. Safu hii ya utabiri ndiyo ninayoiombea nafasi zaidi darasani, kwa sababu mwanafunzi hulazimika kusema mapema anaamini picha yake kwa kiasi gani. Warudie kila umbali mara kadhaa. Pale kosa halisi linapozidi utabiri mara kwa mara, watafute chanzo: kamera iligeuka kidogo wakati wa kusogezwa, nukta ilichaguliwa vibaya, au rula haikuwa sambamba na ukuta. Kwa mita 8 majibu yatatawanyika sana. Wayaandike yote kwenye jedwali, hata yanayoonekana ya ajabu, na kukokotoa wastani baadaye.